Siri ya Mtungi na Mtoto Aliye Tumboni

Mtu ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela, akaiacha nyuma yake baridi ya milimani, akapita katikati ya mashamba ya mpunga na miti ya kakao na michikichi hata akalifikia Ziwa Nyasa pale Matema, ambapo Milima ya Livingstone imesimama kando ya maji mfano wa ukuta, hakosi siku ya Jumamosi kuona katika soko la Lyulilo vyungu na mitungi ya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, iliyofinyangwa kwa mkono na kuletwa kwa mitumbwi, ikiwa imepangwa safu kwa safu mchangani. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na maneno hayo, kwa stara iliyo ndani yake, yametumiwa tangu zamani juu ya jambo ambalo mshenga, mkunga na kadhi wote wamepata kushindwa nalo: mwanamke akiwa mja mzito, na shaka ikaingia nyumbani, ni nani baba wa kilichomo tumboni?

Zama hizi imezuka kata ya pili. Husemwa sasa, vijiweni na kwenye simu za mkononi, kwamba tone la damu ya mama lililochukuliwa mimba ingali changa laweza kumtaja baba kabla mtoto hajazaliwa. Na kauli hiyo, ambayo ina ukweli ndani yake na upungufu pia, imewafanya vijana wengine wadhani kwamba haki yao ya kwanza ni kupima, na wajibu wao waweza kungoja. Yafaa basi tueleze kwa taratibu jambo lenyewe ni lipi, linafanywaje, sheria ya nchi yetu inasemaje, na mtu wa Kyela aliyepatwa na shaka afanye nini. Maana swali la nani aliyetia mbegu na swali la nani atakuwa baba ni maswali mawili, na fitina nyingi huzaliwa pale mtu anapolijibu moja akidhani amelijibu la pili.

Kabla ya maabara palikuwa na hesabu ya miezi. Wanaume wa Unyakyusa, ndiyo nchi hii ya Tukuyu na Kyela, ni wasafiri tangu enzi za Mwingereza, walipokwenda kuchimba dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine wakavuka mipaka kwenda migodi ya kusini; na hata leo wapo wafuatao usipa ufukweni, wavukao Mto Songwe kufanya biashara Karonga, na waendao Mbeya na Dar es Salaam kutafuta riziki. Arejeaye akamkuta mkewe mja mzito huhesabu kwa vidole. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 nayo huhesabu, kwa kuwa humchukulia mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au katika siku 280 baada ya ndoa kuvunjika iwapo mama hajaolewa tena, kuwa ni wa mume huyo, ila ikithibitika kwamba mume na mke hawakupata kukutana katika muda ambao mimba ingeweza kutungwa.

Fauka ya hesabu palikuwa na ng'ombe. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika habari za watu hawa kwa urefu, na kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kiliwajulisha walimwengu desturi ya vijiji vya rika, ambayo kwayo wavulana walipofikia umri wa miaka kama kumi walitoka kwa baba zao na kuanza kijiji chao wenyewe. Sababu iliyotajwa na wazee ilikuwa haya: haikupasa mtoto wa kiume ayakaribie mambo ya faragha ya wazazi wake, wala baba mkwe asikutane na mke wa mwanawe, hata mwanamke huyo alijifunika na kumpisha njia amwonapo kwa mbali. Jamii iliyojenga vijiji vizima kwa ajili ya stara haikuwa jamii isiyojua kwamba uzazi una siri; lakini katika kuamua mtoto ni wa nani haikuichimbua siri hiyo, bali ilitazama ni ukoo upi uliotoa ng'ombe za mahari. Mtoto alifuata ng'ombe, na jina lake likamtangaza, kwa kuwa majina yaanzayo na Mwa-, kama Mwakyusa na Mwaipopo, humhusisha mtu na babu aliyemtangulia. Na neno tata, ambalo kwalo Mnyakyusa humwita baba, humwita pia ndugu wa kiume wa baba. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika ukoo hakuwa na baba mmoja tu wa kumtegemea.

Watu wa pwani walifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Katika fikihi ya Kiislamu mtoto hunasibishwa na mwenye ndoa, na mume amkanaye hana budi kuapa mbele ya kadhi viapo vizito ambavyo huvunja ndoa yenyewe; na Kiswahili kikaifupisha hikima hiyo kwa methali isemayo kitanda hakizai haramu. Mila zetu za bara nazo, Serikali ilipozikusanya na kuzitangaza mwaka 1963 kwa makabila yafuatayo nasaba ya baba, zilisema kwamba mwanamume aliyetajwa na mwanamke asiyeolewa kuwa ndiye baba wa mtoto wake hawezi kukana ila athibitishe kwamba hakupata kulala naye. Msomaji wa leo aweza kuona ukali katika kanuni hii, na pengine wako waliobebeshwa mzigo usiokuwa wao. Walakini akitazama vema ataona kwamba shabaha yake haikuwa ukweli wa damu, ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayezaliwa akakosa mlango wa kubisha hodi.

Sasa tuje kwenye maarifa ya matabibu. Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza kwamba damu za wanadamu zina makundi, na baada ya muda mahakama za Ulaya zikaanza kuyatumia katika mashauri ya ubaba. Lakini kundi la damu laweza kumwondoa mtu katika shaka, haliwezi kumthibitisha, kwani mtu mwenye kundi O ana wenzake wasiohesabika. Ithibati ya kweli ilipatikana mwezi Septemba 1984, pale Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alipogundua kwamba vinasaba, yaani DNA, vina sehemu zinazojirudia kwa namna inayotofautiana baina ya mtu na mtu. Na shauri la kwanza ambalo ugunduzi huo ulitumika, mwaka 1985, lilimhusu mtoto wa familia ya Kighana aliyezuiliwa alipokuwa akirejea Uingereza kutoka Afrika, kwa tuhuma kwamba si mwana wa mama aliyedai kuwa ni mamake. Vipimo vikathibitisha kuwa ni mwanawe, naye akarudishwa nyumbani. Ni vyema kukumbuka kwamba kipimo hiki, ambacho leo watu wengi hukihusisha na kuvunjika kwa nyumba, kilianza kazi yake kwa kumrejesha mtoto kwa mama yake.

Utaratibu wake si mgumu kuufahamu. Kila mtu ana kromosomu 46, nazo ni jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Wataalamu huchagua mahali maalumu kumi na tano au ishirini na zaidi katika vinasaba, wakasoma alama mbili alizonazo mtoto katika kila mahali. Iliyo ya mama huitenga, na iliyobaki haina budi kuwa imetoka kwa baba. Mwanamume anayedhaniwa akikosa alama hizo katika mahali kadhaa, basi siye. Mahali pamoja peke yake hapatoshi, kwa sababu alama yaweza kubadilika yenyewe katika kurithiwa. Akiwa nazo zote, hesabu ya uwezekano hupanda hata kupita asilimia 99.9. Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa kinachohitajika aghalabu ni kijiti chenye pamba kinachopitishwa ndani ya shavu, bila sindano wala maumivu.

Mtoto aliye tumboni hana shavu la kupanguswa, na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Njia za zamani ni mbili, nazo zote ni za sindano au mrija. Ya kwanza ni kuchukua chembe kidogo za kondo la nyuma, kati ya wiki ya 10 na ya 13 ya mimba. Ya pili ni kuingiza sindano ndefu tumboni, kwa kuongozwa na ultrasaundi, na kufyonza maji ya uzazi yaliyomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15. Njia hizi zilibuniwa kwa ajili ya kutafuta maradhi ya kurithi, na tabibu mwenye insafu hazitumii kwa shaka ya ubaba peke yake, kwani zina hatari ya kuharibu mimba, hatari ambayo mikononi mwa mabingwa ni chini ya mimba moja katika kila 100 lakini haipotei kabisa. Na mama mwenye damu ya Rhesus hasi huhitaji sindano ya kinga baada yake, asije mwili wake ukaipiga vita damu ya mtoto.

Njia ya tatu ndiyo inayosemwa vijiweni. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walichapisha habari ambayo iliwastaajabisha matabibu: katika maji ya damu ya mama mja mzito huelea vipande vya vinasaba vya mtoto, ambavyo hutoka katika kondo la nyuma. Vipande hivi ni vichache, aghalabu kama sehemu moja katika kumi ya vile vinavyoelea, na mtoto akizaliwa hutoweka katika damu ya mama kwa muda wa saa chache. Mwaka 2012 ilitangazwa katika jarida kubwa la tiba la Marekani kwamba kwa kusoma maelfu ya alama ndogo katika vipande hivyo, na kuzilinganisha na vinasaba vya mama na vya mwanamume, baba aweza kutambulikana tangu miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Mama hutoa damu mkononi kama atoavyo kliniki, mwanamume hupanguswa shavu, na mtoto haguswi.

Kwa maarifa, hili ni jambo tukufu. Lakini lina mipaka yake. Mimba ikiwa changa mno vipande vya mtoto havitoshi, na kwa mama mwenye mwili mnene huwa haba zaidi. Mapacha huvuruga hesabu. Wanaume wawili wanaodhaniwa wakiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nao wakafanya siri, mtaalamu aweza kupotoshwa, kwa sababu ndugu hushirikiana alama nyingi. Na kazi yenyewe hutaka mitambo ya ghali na mikono iliyozoea, ambayo haipatikani katika maabara ya wilaya. Utaratibu uliozoeleka nchini kwetu ni kungoja mtoto azaliwe, kisha wapimwe watatu, mama, mtoto na anayedhaniwa.

Tena si kila taifa lenye uwezo wa kufanya jambo limeliruhusu. Ujerumani, ambako walitoka wamisionari waliofika pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, ina sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010 inayokataza kumpima mtoto aliye tumboni kwa ajili ya kutafuta baba, ila pale tabibu anapothibitisha kwamba mimba yaelekea imetokana na jinai. Ufaransa huadhibu kwa faini na hata kifungo mtu atakayefanya kipimo cha ubaba pasipo amri ya hakimu. Wenzetu hao hawakosi maabara. Walichokihofia ni kwamba jibu lililopatikana mapema mno laweza kugeuka hukumu juu ya mimba yenyewe. Khofu hiyo kwetu ina uzito zaidi, kwa kuwa kutoa mimba ni kosa katika Kanuni ya Adhabu isipokuwa kuokoa maisha ya mama, na mwanamke aliyetelekezwa huweza kutafuta msaada gizani, kwa dawa na vyuma vilivyowapoteza wengi.

Sheria za Tanzania zilizotungwa mwaka 2009 zimelitazama jambo hili pande zote mbili. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu imeiweka kazi ya kupima chini ya usimamizi, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi Dar es Salaam na ofisi ya kanda Mbeya, ndiyo mhimili wake. Mtu haingii tu mlangoni na nywele za mtoto zilizofichwa katika bahasha. Maombi hupitia mikono inayotambuliwa na sheria, kama vile mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii, na ridhaa ya wahusika hutakiwa. Kwa mkazi wa Kyela maana yake ni kwamba safari haianzi kwa basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900, bali huanza katika ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya.

Sheria ya pili ni ya Mtoto. Kabla yake palikuwa na sheria iliyorithiwa kutoka utawala wa Mwingereza, ambayo kwayo hakimu aliweza kumwamuru baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kutoa kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, fedha ambazo baada ya miaka mingi hazikutosha hata kipande cha sabuni. Sheria ya mwaka 2009 iliifuta, ikasema kwamba mtoto asinyimwe haki ya kuwajua wazazi wake, na ikaruhusu ombi la kumtambua mzazi kupelekwa mahakamani hata kabla mtoto hajazaliwa. Mahakama yaweza kuamuru kipimo. Na katika ushahidi wa uzazi, kando ya vinasaba, sheria imetaja jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, na kukiri kwake mbele za watu. Katika sheria hii ng'ombe na maabara vimekalishwa baraza moja.

Lipo shauri moja ambalo katika hilo damu haina mbadala. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu imeweka kifungo cha miaka thelathini kwa atakayempa mimba mwanafunzi, na katika kosa zito kama hilo kipimo humlinda binti asiambiwe mwongo, na humlinda kijana asiye na hatia asifungwe kwa kutajwa tu.

Lakini mashaka mengi si ya jinai. Ni ya nyumbani, na mengine huzaliwa na hesabu mbaya. Tuchukue mfano wa mume aliyerudi Kyela kutoka Chunya wiki saba zilizopita. Mkewe aenda kliniki, aambiwa mimba ina wiki tisa, na kadi yaandikwa hivyo. Mume aisoma kadi, ahesabu, na usiku ule halali. Kumbe matabibu huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ilhali mimba hutungwa yapata wiki mbili baadaye. Kwa hiyo wiki tisa za kadi ni wiki saba za mimba, nazo ndizo hasa wiki tangu aliporudi. Angekwenda na mkewe, mazungumzo yangekuwa mafupi.

"Baba, ulirudi lini?" angeulizwa.

"Wiki saba sasa, nesi."

"Basi hesabu yako na yetu ni moja. Keti, tupime damu yako pia."

Ultrasaundi ikifanywa katika miezi mitatu ya kwanza hukadiria umri wa mimba kwa kukosea siku tano hadi saba tu, na kila mwezi unaopita makadirio hulegea. Kwa hiyo mwenye shaka na awahi mapema. Pale ambapo safari zimetenganisha watu kwa mwezi au zaidi, picha hiyo yaweza kumaliza neno bila kipimo cha vinasaba. Waliokaribiana kwa siku chache haiwezi kuwatenganisha, na hao hawana budi kungoja uzazi. Muda huo wa kungoja si mtupu: mama ana haja ya lishe, vidonge vya kuongeza damu, chandarua katika bonde hili lenye mbu wengi, na nauli ya usiku uchungu utakapoanza, na hakuna hata moja katika haya linaloweza kuahirishwa mpaka majibu yatoke Mbeya.

Ipo pia dhana ambayo yapasa kuondolewa. Magazeti yamepata kunukuu kauli za ofisi ya Mkemia Mkuu kwamba karibu nusu ya wanaume waliopimwa walikutwa si baba, na wako waliotoka hapo wakasema nusu ya watoto wa Tanzania wana baba wengine. Hiyo si hesabu sahihi, kwani waliopimwa ni wale waliokwisha kuwa na shaka, kama vile idadi ya wenye malaria haipatikani kwa kuwapima waliolazwa kwa homa peke yao. Mtaalamu Kermyt Anderson alipozikusanya tafiti za mataifa mbalimbali mwaka 2006 aliona kwamba miongoni mwa wanaume wenye yakini waliokuwa si baba ni kama wawili tu katika 100, na miongoni mwa wenye shaka ni kama 30. Na miongoni mwa Wahimba wa Namibia utafiti wa mwaka 2020 ulikuta karibu nusu ya watoto si wa waume wa mama zao kwa damu. Wazazi wengi walikuwa wakilijua hilo, na waume waliendelea kuwa baba wa watoto wale.

Ufukweni Lyulilo, mwanamke wa Kikisi akiuza mtungi huugonga kwanza kwa kidole, na mnunuzi husikiliza mlio. Ukiwa na ufa hurudishwa mtumbwini. Maabara imekuwa kidole cha namna hiyo, na anayehitaji kugonga asizuiwe, mradi apitie mlango wa sheria na asivunje kwa pupa kile anachokigonga. Ila yule mume wa Chunya hakuhitaji maabara. Alihitaji mtu wa kumwonyesha kuwa kadi huanza kuhesabu wiki mbili kabla ya mimba, na benchi la kliniki lilikuwa na nafasi ya kukaa wawili.